Sura ya Sita: Upana wa Utando na Ulinganishaji wa Spika za Umemetuli

Spika nyingi zinazotumika duniani, kuanzia ile ndogo ya redio ya mkononi hadi zile za kumbi za maonyesho, hufanya kazi kwa kanuni iliyofafanuliwa na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, katika makala yao ya mwaka 1925: koili ya waya hutundikwa ndani ya uga wa sumaku, mkondo wa umeme wenye umbo la muziki hupitishwa humo, koili ikasukumwa mbele na kurudishwa nyuma, na koni ya karatasi au plastiki iliyogandishwa juu yake ikatikisa hewa. Spika ya umemetuli, yaani ile inayotegemea mvutano na msukumano wa chaji za umeme badala ya nguvu ya sumaku, haina koili wala koni, na mara nyingi haina hata sanduku. Mahali pa vitu hivyo vyote hukaa utando mpana wa plastiki unaotikisika ukiwa umesimama wima mbele ya msikilizaji.

Anayetaka kununua spika za aina hii kwa ajili ya sebule yake hukutana na majina kama Quad, MartinLogan, Sound Lab na Sanders, na hukuta kwamba zinatofautiana mno kwa kimo, umbo, bei na mahitaji, ingawa zote zimejengwa juu ya kanuni moja. Sura hii inaonyesha kwamba tofauti hizo hazitokani na utando wenyewe, ambao katika spika zote hizo unakaribia kufanana, bali zinatokana na majibu ambayo wabunifu wametoa kwa swali moja la jiometri: utando ukiwa mpana hutoa besi vizuri lakini huzibana sauti kali katika njia moja, na ukiwa finyu huzitawanya sauti kali vizuri lakini hupoteza besi. Msomaji akilielewa swali hilo, ulinganishaji wa spika hizi huacha kuwa ubishi wa mapenzi na kuwa jambo linaloweza kupimwa.

Jinsi utando unavyosukumwa

Kiini cha spika ya umemetuli ni utando wa plastiki wenye unene wa mikromita chache tu, ilhali unywele wa binadamu huwa na unene wa mikromita 50 hadi 100. Utando huo hukazwa katika fremu, hupakwa dutu inayopitisha umeme kwa shida sana, kisha huwekwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu yanayoitwa elektrodi. Kifaa kidogo cha umeme kilichochomekwa ukutani huupa utando chaji ya kudumu kwa volti elfu kadhaa, na ishara ya muziki inayotoka kwenye amplifaya hupitia transfoma inayozipandisha volti zake mara 50, mara 100 au hata zaidi kabla ya kufikishwa kwenye elektrodi hizo mbili, kwa namna ambayo moja inapokuwa chanya nyingine huwa hasi. Hivyo utando husukumwa na elektrodi moja na kuvutwa na nyingine kwa wakati uleule, mwelekeo hugeuka kila ishara inapogeuka, na hewa ya pande zote mbili hutikisika pamoja nao.

Ule ukinzani mkubwa wa dutu iliyopakwa ndio siri ya usafi wa sauti ya spika hizi. Spika za mwanzo za umemetuli zilikuwa na elektrodi upande mmoja tu, na ndani yake chaji ilikuwa huru kuingia na kutoka. Nguvu iliyousukuma utando iliongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, jambo lililopotosha umbo la mawimbi ya sauti kila muziki ulipopanda. Frederick Hunt wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954 kwamba, iwapo utando utakuwa katikati ya elektrodi mbili na chaji yake itazuiwa isihame wakati wa mtikisiko mmoja, nguvu italingana moja kwa moja na volti ya ishara, popote utando ulipo kati ya elektrodi hizo. Dutu yenye ukinzani mkubwa hufanya kazi hiyo kwa sababu chaji haiwahi kuhama kabla wimbi halijapita.

Sifa ya pili ya utando ni wepesi wake. Kipande chake chenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa mikromita 6 kina takriban gramu 8 tu, kiasi kinacholingana na tabaka la hewa lenye unene wa milimita 7. Kwa hiyo kinachotikisika ni hewa hasa, na utando wenyewe hauongezi mzigo wa maana. Aidha, nguvu huufikia utando katika eneo lake lote kwa pamoja, tofauti na koni ambayo husukumwa mahali penye koili peke yake na kwa hiyo huweza kupinda na kutetemeka vipande vipande katika sauti kali. Hiyo ndiyo sababu mlio wa uzi uliopigwa, wa gitaa au wa ala ya kanuni, husikika katika spika hizi ukianza na kukoma bila kuburuta mkia.

Wazo la spika ya namna hii lilikuwapo tangu miaka ya 1920, na Kellogg mwenyewe alipewa hataza mwaka 1934 kwa ajili ya spika ya umemetuli iliyogawanywa vipande, lakini kilichokosekana kilikuwa utando ulio mwembamba, mwepesi na usiochakaa upesi. Kizuizi hicho kiliondoka baada ya poliesta kugunduliwa nchini Uingereza mwaka 1941 na John Whinfield na James Dickson, na baada ya viwanda kujifunza kuifua plastiki hiyo ikawa tando nyembamba kupita karatasi yoyote.

Upana unaotakiwa na upana unaodhuru

Ili swali la jiometri lililotajwa mwanzoni lieleweke, ni lazima kwanza kuangalia urefu wa mawimbi ya sauti. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, na urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi hiyo kwa masafa, yaani idadi ya mitikisiko katika sekunde moja inayohesabiwa kwa hezi. Noti ya besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7. Sauti ya hezi 500, iliyo ndani ya eneo la sauti ya binadamu, ina wimbi la sentimita 69. Na mlio mkali wa hezi 10,000 una wimbi la sentimita 3.4 tu.

Utando usio na sanduku hutoa sauti mbele na nyuma kwa pamoja, na kila moja ya sauti hizo mbili ni kinyume cha nyingine: upande mmoja unapoibana hewa, upande wa pili huiachia. Pale wimbi linapokuwa refu kuliko spika, sauti ya nyuma huzunguka ukingo wa fremu, hukutana na ile ya mbele na kuifuta, na ufutaji huo huongezeka kadiri masafa yanavyoshuka. Spika yenye upana wa sentimita 60 kwa hiyo huanza kupoteza nguvu yake mapema katika eneo la besi, na mbunifu hulazimika kuupanua utando, au kuurekebisha mkazo wake ili mvumo wake wa asili uangukie mahali ambapo besi inapotea, au kuiachia koni kazi hiyo.

Kwa upande mwingine, chanzo chochote cha sauti kilicho kipana kuliko wimbi linalotoka kwake huikusanya sauti hiyo katika mwale mwembamba. Utando ule ule wa sentimita 60 huanza kuelekeza sauti mbele yake tangu karibu na hezi 570, na unapofika hezi 10,000 mwale wake huwa finyu kiasi kwamba msikilizaji akisogea kiti kimoja pembeni huisikia sauti ikififia na kupoteza makali yake. Hapo ndipo penye mgongano: besi inadai upana, sauti kali zinaukataa, na hakuna kipimo kimoja kinachoziridhisha zote. Kampuni zote zinazotajwa katika sehemu zinazofuata zimekutana na mgongano huu, na kila moja imekubali kupoteza kitu tofauti.

Quad: kuugawa utando, kisha kuichelewesha ishara

Jibu la kwanza lililouzwa kwa umma likiwa spika kamili ya masafa yote lilitoka Huntingdon, Uingereza, katika kampuni ya Peter Walker iliyoanzishwa mwaka 1936. Walker alishirikiana na D. T. N. Williamson, mhandisi aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa amplifaya iliyobeba jina lake, akaeleza kanuni zake katika jarida la Wireless World mwaka 1955, na kuingiza sokoni Quad ESL mwaka 1957. Spika hiyo, ambayo baadaye ilizoeleka kuitwa ESL-57, iligawanya kazi kwa upana: ukanda finyu wa katikati ulibeba sauti kali, maeneo yaliyopakana nao yalibeba sauti za kati, na tando mbili pana za pembeni zilibeba besi. Kwa njia hiyo kila masafa yalipata chanzo chenye upana unaokaribia kuyafaa. Ilidumu kiwandani hadi mwaka 1985, na hadi leo mafundi huitumia kama kipimo cha usahihi wa sauti ya binadamu, kwa sababu sauti hiyo huangukia hasa katika eneo ambalo spika hii haikosei.

Mapungufu yake ni ya wazi vilevile. Ukanda wa katikati, hata ukiwa finyu, bado ni mpana kuliko mawimbi ya sauti kali kabisa, na kwa hiyo kiti bora cha kusikilizia ni kimoja. Besi yake hupungua kabla ya kufika noti za chini kabisa za gitaa la besi au kinanda, na sauti yake haiwezi kupandishwa sana, kwa kuwa ishara inayozidi takriban volti 33 kwenye kilele chake huweza kuuchoma ukanda wa sauti kali. Kikomo hicho hufikiwa na amplifaya ya wati 68 tu ikipimwa kwa ukinzani wa omu 8, na ndiyo maana amplifaya ya valvu ya Quad II yenye wati 15, iliyotoka miaka michache kabla yake, ilikuwa mwenzi wake wa kawaida.

Jibu la pili la Walker lilikuwa la kina zaidi. Kazi yake ilianza mwaka 1963, jambo lililoipa spika hiyo jina la ESL-63, lakini haikuuzwa hadi mwaka 1981. Badala ya kuugawa utando kwa masafa, alizigawa elektrodi zake katika duara moja la katikati na pete zinazolizunguka, kisha akaipitisha ishara katika msururu wa koili unaoichelewesha kidogo kabla haijaifikia kila pete inayofuata. Sauti huanzia katikati na kuenea kuelekea ukingoni, na mawimbi yanayotoka hufanana na yale ambayo yangetoka katika nukta moja iliyo takriban sentimita 30 nyuma ya utando. Utando mpana ukapata hivyo mtawanyiko wa chanzo kidogo, na wasikilizaji wawili au watatu wakaweza kukaa kwenye kochi moja bila mmoja wao kunyimwa sauti kali.

Walker aliweka pia ulinzi ambao spika ya kwanza haikuwa nao: saketi inayonusa dalili za cheche ndani ya spika na kuikata ishara kabla utando haujatobolewa. Gharama ya muundo huu ni kwamba nguvu haitoki sehemu zote kwa pamoja, na kwa hiyo ukubwa wa juu wa sauti una kikomo, huku besi ikibaki kutegemea fremu yenye upana wa sentimita 66 hivi. Warithi wake waliotoka baada ya kampuni kununuliwa na kundi la International Audio Group mwaka 1997 hawakuibadili kanuni hiyo. Miundo ya 988, 2805 na 2812 ina tando nne, na ile mirefu ya 989, 2905 na 2912 imeongezewa tando mbili za besi. Anayelinganisha matoleo hayo analinganisha zaidi uimara wa fremu na eneo la besi kuliko tabia ya sauti za kati.

Utando uliopindwa na spika mseto

Nchini Marekani jibu lilichukua njia nyingine. Arthur Janszen alikuwa amekwisha kuunda spika ndogo za umemetuli kwa ajili ya sauti kali tu katika miaka ya 1950, na wanunuzi wengi walizioanisha na spika za koni zilizobeba besi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gayle Martin Sanders na Ron Logan Sutherland walianzisha kampuni huko Lawrence, Kansas, wakaiita MartinLogan kwa majina yao ya kati, na wakauendeleza muungano huo wa umemetuli na koni kwa kutumia utando uliopindwa kama sehemu ya mcheduara, wenye pembe ya nyuzi 30. Elektrodi zao ni bamba za chuma zilizotobolewa na kupakwa kihami, yaani dutu isiyopitisha umeme, na kwa kuwa utando umepinda, sauti kali huenea kwa upana wa pembe hiyo badala ya kwenda mbele tu.

Spika yao ya CLS ya mwaka 1986 ilikuwa ya utando mtupu kwa masafa yote, lakini miundo mingi iliyoifuata ni mseto: utando hubeba sauti za kati na kali, na chini ya hezi mia chache, kutegemea muundo, kichujio huipeleka ishara kwenye koni ya besi iliyo ndani ya sanduku la chini. Mseto huondoa mgongano wa upana kwa kuuondolea utando besi kabisa. Utando unaweza kuwa wa upana wa sentimita 20 au 30, mwendo wake ukawa mdogo, elektrodi zikasogezwa karibu, na spika nzima ikakaa sebuleni bila kuziba dirisha. Kwa muziki wenye gitaa la besi na ngoma za umeme, kama reggae au taarabu ya kisasa, faida hiyo husikika mara moja.

Hasara ya mseto iko mahali pa kukutania. Koni iliyo ndani ya sanduku hutoa sauti pande zote, ilhali utando hutoa mbele na nyuma tu. Tena utando mrefu wima hutenda kama chanzo cha mstari, ambacho sauti yake hupungua kwa desibeli 3 kila umbali unapoongezeka mara mbili, wakati koni hutenda kama chanzo cha nukta, ambacho sauti yake hupungua kwa desibeli 6. Maana yake ni kwamba uwiano wa besi na sauti za kati hubadilika kadiri msikilizaji anavyosogea mbali: aliyekaa mita mbili kutoka kwenye spika na aliyekaa mita tano hawasikii mchanganyiko uleule. Miundo ya bei ya juu huweka amplifaya maalumu ya besi ndani ya sanduku, pamoja na kirekebishi, ili mwenye nyumba aupange uwiano huo kulingana na kiti chake.

Ukuta wa sauti na mwale mnyoofu

Njia mbili zilizobaki ni za wale waliokataa kabisa kuafikiana. Ya kwanza ni ya Roger West, mwanzilishi wa Sound Lab ya Utah, ambaye aliamua kwamba tatizo la besi litatuliwe kwa ukubwa wenyewe. Spika zake kubwa ni tando ndefu kupita mtu mzima, zilizogawanywa katika vipande bapa vinavyokaa kwa pembe kidogo kidogo ili kwa pamoja viunde upinde, na kila sehemu ya utando hupangiwa mvumo wake wa asili ulio tofauti na wa jirani yake ili mivumo isijilimbikize katika noti moja ya besi. Matokeo yake ni spika isiyohitaji koni wala kichujio cha kugawa masafa kati ya utando na koni, na kwa hiyo haina ule mshono unaosikika katika mseto. Gharama yake ni nafasi, kwani spika ya namna hiyo inahitaji chumba kikubwa na dari ya kutosha.

Ya pili ni ya Roger Sanders wa Colorado, ambaye hutumia utando bapa kabisa na kuacha mwale ubaki finyu kwa makusudi. Hoja yake ni kwamba sauti isiyotawanyika haigongi kuta za pembeni, na sauti isiyogonga kuta haimfikii msikilizaji kwa kuchelewa na kuivuruga picha ya jukwaa, yaani ile hisia ya kujua mwimbaji amesimama wapi na mpiga fidla wapi. Besi yake hubebwa na koni iliyo katika sanduku refu, chini ya hezi 200, na kichujio cha kidijitali hupanga makutano yao. Kwa msikilizaji anayekaa peke yake katika kiti kilichopimwa, hoja hii ni nzito. Kwa familia inayosikiliza huku ikitembea na kuzungumza, haina uzito wowote.

Mzigo juu ya amplifaya

Ulinganishaji usiogusa amplifaya ni nusu ya kazi, kwa sababu spika ya umemetuli huibebesha amplifaya mzigo usiofanana na ule wa koni. Utando na elektrodi zake ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, na ukinzani wa kapasita kwa umeme unaobadilika huwa mkubwa katika masafa madogo na hushuka kwa nusu kila masafa yanapoongezeka mara mbili. Mfano wa hesabu utaonyesha ukubwa wa jambo hili: spika yenye kapasita ya nanofaradi 1 ikiwekewa transfoma ya kupandisha volti mara 50, amplifaya huiona kama kapasita ya mikrofaradi 2.5, ambayo ukinzani wake ni omu 318 kwa hezi 200 lakini ni omu 3.2 tu kwa hezi 20,000. Transfoma ikipandisha volti mara 100, ukinzani huo wa mwisho hushuka hadi omu 0.8.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini baadhi ya amplifaya hupoteza utulivu zinapounganishwa na spika hizi, na kwa nini sifa ya wati nyingi haitoshi. Kinachotakiwa ni amplifaya inayovumilia mzigo wa kapasita na inayoweza kutoa mkondo mkubwa kwa ukinzani mdogo. Zinaeleza pia kwa nini spika mbili za umemetuli zaweza kusikika tofauti kwa amplifaya moja na kufanana kwa nyingine. Amplifaya ya valvu yenye ukinzani mkubwa wa kutokea huzipunguza sauti kali pale ukinzani wa spika unaposhuka, na msikilizaji akaiita sauti hiyo laini, ingawa kwa kweli ni sauti iliyopungukiwa. Kwa hiyo spika zinazolinganishwa hupaswa kusikilizwa kwa amplifaya ambayo mnunuzi atakuwa nayo nyumbani.

Kikomo cha mwisho cha ukubwa wa sauti hakiko katika amplifaya bali katika hewa yenyewe. Hewa kavu huanza kupitisha cheche pale uga wa umeme unapokaribia volti 3,000 kwa kila milimita. Mbunifu hawezi kuongeza nguvu ya kuusukuma utando bila kuukaribia mpaka huo, na akisogeza elektrodi mbali ili utando upate nafasi ya mwendo wa besi, nguvu hupungua. Mseto hupita kando ya kikomo hiki kwa kuikabidhi koni besi, na Sound Lab huongeza eneo badala ya mwendo, wakati Quad hukubali tu kwamba spika yake si ya sherehe.

Chumba, unyevu na vumbi

Kwa kuwa sauti hutoka nyuma kwa nguvu ileile ya mbele, spika ya utando haiwezi kusukumwa hadi ukutani. Ikiwekwa umbali wa mita moja, sauti ya nyuma husafiri mita mbili za ziada na kumfikia msikilizaji ikiwa imechelewa kwa milisekunde 6 hivi, muda ambao sikio huweza kuutenganisha na sauti ya kwanza kwa urahisi zaidi kuliko ule wa spika iliyo karibu na ukuta. Pembeni mwa spika, hata hivyo, sauti za mbele na nyuma hufutana, na kwa sababu hiyo kuta za kando hupata sauti kidogo. Chumba chembamba na kirefu kwa hiyo huifaa spika ya utando kuliko chumba kipana chenye kina kifupi, na sebule yenye vigae na kuta tupu huhitaji pazia zito au kabati la vitabu nyuma ya spika.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya ulinganishaji. Unyevu mwingi hufanya chaji ivuje kwenye kingo za utando, spika ikapungua sauti au ikatoa mlio wa kuchachatika, na vumbi linalovutwa na volti nyingi huongeza uvujaji huo, hasa likiwa na chumvi. Katika miji kama Mombasa, Tanga, Zanzibar na Muscat, ambako unyevu ni wa kudumu na upepo unatoka baharini, spika iliyofungwa kwa utando wa ziada wa kuzuia vumbi, kama zilivyo za Quad, ina kinga ambayo spika yenye utando ulio wazi haina, ingawa hii ya pili ni rahisi kusafishwa. Spika kuukuu zinahitaji tahadhari zaidi: ESL-57 nyingi zimedhoofika kwa uzee wa dutu iliyopakwa kwenye tando zake, na ESL-63 hujulikana kwa gundi ya elektrodi inayoachia baada ya miaka mingi, na mafundi wanaozitengeneza upya wengi wao wako Ulaya.

Namna ya kulinganisha

Kutokana na hayo yote, ulinganishaji ufaao hauanzi dukani. Huanza kwa kupima chumba, kwa kuwa kimo cha dari, umbali wa kiti na nafasi iliyopo nyuma ya spika ndivyo vinavyoamua ni majibu yapi kati ya haya yanawezekana. Hatua ya pili ni kuhesabu wasikilizaji: mmoja aliye na kiti chake anaweza kuuchagua utando bapa, wawili au watatu watahitaji pete za Quad au upinde wa MartinLogan. Hatua ya tatu ni kuangalia muziki na ukubwa wa sauti unaopendwa, na hapo mseto humfaa apendaye besi nzito, na utando mtupu humfaa asikilizaye zaidi sauti za binadamu na ala za nyuzi. Amplifaya huja mwisho, lakini ina kura ya turufu, kwani ikishindwa kuubeba mzigo, hatua tatu za kwanza zimepotea bure.

Jaribio moja linatosha kuzitambua tofauti zilizoelezwa katika sura hii. Sauti ya mwimbaji mmoja na ala moja ichezwe, kisha msikilizaji ainuke, asogee hatua moja kulia, arudi nyuma hadi mwisho wa chumba, na mwishowe apandishe sauti hadi kiwango anachokizoea. Kitakachobadilika katika hatua ya kwanza ni alama ya mtawanyiko, kitakachobadilika katika ya pili ni alama ya mshono wa besi, na kitakachobadilika katika ya tatu ni alama ya kikomo cha hewa na amplifaya. Utando utasikika mzuri karibu katika spika zote. Spika ifaayo ni ile ambayo udhaifu wake unaangukia mahali ambapo mwenye nyumba hakai, au katika muziki asiousikiliza.